Biskuti za Adabu

Maini ya kuku huchemshwa kwanza, bila chumvi, mpaka damu ikauke katikati. Yakipoa husagwa, yakachanganywa na karoti iliyokwaruzwa, yai, kijiko cha siagi ya karanga isiyo na sukari na unga wa ngano usiokobolewa, kisha donge likakandwa mpaka liache kushika vidole. Jumamosi ile asubuhi Mwokaji alikuwa amefika kwenye kukanda. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi kwa ajili ya harufu. Binti yake, ambaye kila mtu alimwita Sisimizi kwa sababu alipita ndani ya nyumba bila kusikika, alikuwa mezani sebuleni akifanya hesabu za shule.

"Mama, hicho ni chetu au cha mbwa?"

"Cha mbwa. Chetu ni wali."

"Kumbe mbwa ndio wanaoishi."

"Maliza hesabu zako."

"Nije nikusaidie kukanda?"

"Hapana. Donge moja, mkono mmoja."

Hiyo ilikuwa kanuni ya jiko la shule ambako Mwokaji aliwahi kuoka mikate, mpaka mumewe aliposema mke wa mtu hawezi kunuka hamira mchana kutwa. Akaacha. Biskuti za mbwa zilikuwa wazo la mumewe huyohuyo.

Mumewe alikuwa msoma mita wa ofisi ya maji, na mtaa mzima ulimwita hivyo: Msoma Mita. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye mageti ya watu. Mita hukaa nyuma ya geti, na mbwa hukaa mbele ya mita. Siku moja, kabla ya biskuti, Waziri, mbwa mweusi wa mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, alimng'ata Msoma Mita kwenye shavu la mguu, na jioni ile Msoma Mita alirudi nyumbani akaweka funguo mezani polepole.

Watu wengine wakikasirika hutupa vitu. Msoma Mita akiwa na furaha ndipo alipotupa: funguo ziliteleza mezani mpaka kwenye bakuli la matunda. Akiwa na hasira aliziweka taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Mwokaji aliweza kutofautisha sauti hizo mbili akiwa jikoni, bomba likimwaga maji na redio ikiimba. Kesho yake, ingawa kulikuwa na joto, alivaa blauzi ya mikono mirefu.

Siku chache baadaye Msoma Mita, ambaye baada ya mambo hayo huwa mpole kama aliyetoka kuungama, alisema, "Wewe si mwokaji? Waokee hao mbwa kitu. Nikiingia nawarushia."

Mwokaji akaenda kwenye duka la dawa za mifugo kuuliza. Muuzaji akamwambia asitie kitunguu, asitie chokoleti, asitie zabibu, hivyo ni sumu kwa mbwa. Hakumwambia kingine cha kutotia. Akaoka, akakata vipande kwa mdomo wa glasi, akavikausha kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka vikawa vinavunjika kwa mlio. Alikanda donge lile akiwa amegeuzia mlango uso, si mgongo, kama alivyozoea kufanya kila kazi ya jikoni.

Msoma Mita akazigawa geti kwa geti. Safari iliyofuata, alipofungua geti la mwalimu mstaafu, Waziri aliinuka, akamwona, akafyata mkia mpaka tumboni. Akarudi kinyumenyume hadi ukutani. Pale ukutani akalala chali akajikojolea.

Mwalimu mstaafu alikuwa barazani na gazeti lake. "Afadhali," alisema. "Hatimaye huyu mbwa ameshika adabu."

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Msoma Mita alirudi akatupa funguo, zikagonga bakuli. "Una mkono wewe!" akamwambia mkewe. "Mbwa wote wametiwa adabu!" Fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwanamke mjane mwenye mbwa mkubwa aitwaye Bosi, alikuja kuagiza zake kwa kuwa Bosi alikuwa akiwararulia wateja vitambaa. Yeye ndiye aliyeandika kwenye mfuko wa karatasi, kwa chaki yake ya kukatia nguo: Biskuti za Adabu. Jina likashika. Watu wakaanza kuagiza kwa jina hilo.

Mwokaji alilijua neno hilo. Mumewe alilitumia chumbani, mlango ukiwa umefungwa, kwa sauti ya chini ya mtu anayeeleza jambo: nakutia adabu kidogo. Alipoliona limeandikwa kwenye mfuko, alikaa kwenye stuli. Kisha akainuka, kwa sababu trei ya pili ilikuwa inaanza kuungua.

Fundi cherehani ndiye aliyegundua mambo ya mkasi.

"Jirani, huyu Bosi wangu siku hizi nikitupa mkasi hashtuki," alisema siku moja, amesimama mlangoni na tepu shingoni. "Ila nikiuweka polepole, anaingia chini ya cherehani. Polepole! Umewahi kuona?"

Mwokaji alikuwa anafuta trei. "Mbwa wana mambo yao."

"Na Waziri ni hivyohivyo. Mwalimu anasema ukiweka kikombe kwa upole, anakimbilia chooni. Halafu wote wanalala kwa ubavu wa kulia. Wa kushoto hawataki hata uguswe."

Ubavu wa kushoto wa Mwokaji uliwahi kuvunjika na kuunga vibaya. Hakuna aliyejua, maana hospitali alisema ameanguka bafuni, na mtaani hakusema kitu. Alimtazama fundi, na fundi akamtazama yeye, kisha fundi akaitazama tepu yake.

"Shemeji yupo?" fundi aliuliza.

"Yupo, amepumzika."

"Basi nitakuja kesho."

Na hapo ndipo hofu ya Mwokaji ilipopata hofu nyingine ya kuzaa nayo. Miaka yote alikuwa ameifungia ndani, kwenye mikono mirefu na sakafu za bafu zinazoteleza. Sasa ilikuwa inatembea mtaani kwa miguu minne. Mtu akiinua mkono kusalimia, mbwa walijikinga uso kwa mguu wa mbele. Jua likielekea kuzama na geti la Msoma Mita likilia, mbwa wa barabara nzima waliacha walichokuwa wakifanya wakasikiliza zitakuja funguo za aina gani. Watu waliona. Waliona wakazoea, wakaanza kuwatumia kama saa. "Mbwa wameingia uvunguni," walisema, "Msoma Mita amerudi. Injika chai." Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwokaji hakuogopa kwamba watu watajua. Aliogopa kwamba mumewe atajua kuwa watu wamejua.

Alijaribu kuacha kuoka. Akasema unga umeadimika. Mumewe akaleta gunia. Akajaribu kukanda mumewe akiwa safarini, huku akiimba, na mbwa waliokula zile wakaogopa vilevile, isipokuwa waliogopa pia nyimbo. Akanawa mikono kwa ndimu. Akavaa glavu za mpira, na juma zima mbwa walikuwa na wasiwasi na kila mwenye glavu, hata mzoa taka, ambaye alisikitika sana kwa kuwa walikuwa marafiki zake. Hofu haikuwa kwenye ngozi. Ilikuwa ndani zaidi, mahali ambapo sabuni haifiki.

Mama mkwe alikuja kuwasalimia. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, aliyeketi akajaza kochi. Bosi, aliyekuwa amefuata harufu ya maini, alikuwa amelala kizingitini. Msoma Mita alipopita kwenda bafuni, Bosi alijikunja akawa mdogo kama paka.

"Hata mbwa wanamheshimu mwanangu," mama mkwe alisema. Kisha akarudisha kikombe chake kwenye kisosi, taratibu, kama wageni wanavyofanya. Bosi akaingia chini ya kochi, kichwa kwanza, akabaki anatetemeka mpaka kochi likatetemeka, na mama mkwe juu yake.

Mama mkwe alingoja mtetemeko upite. Alikitazama kikombe.

"Kwa baba yake ilikuwa viatu," alisema. "Akivivua nje, salama. Akiingia navyo, nilijua." Akasukuma kikombe mbele. "Niongeze chai, mwanangu. Na sukari."

Mwokaji akamwongeza. Mwanamke yule akanywa yote, akamshika mkwewe bega, bega la kulia, na kwenda zake kabla jua halijachwa.

Msoma Mita aligundua kwa njia ya kawaida. Alikuwa nyumbani kwa fundi cherehani akisoma mita. Akaweka funguo juu ya meza ya kukatia ili ashike kalamu, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameudhiwa na mkubwa wake, aliziweka polepole. Bosi akalia kama mtoto akaingia chini ya cherehani. Fundi akainamisha kichwa kwenye pindo la nguo. Msoma Mita akazitazama funguo. Akaziinua, akazitupa: Bosi akachungulia. Akaziinua tena, akaziweka taratibu: Bosi akajificha.

Alirudi nyumbani. Mwokaji hakusikia funguo kabisa, kwa sababu mumewe aliziweka mezani bila kuziachia, akabaki amezishika.

"Umenisema kwa mbwa," alisema.

"Sijamsema mtu kwa mbwa."

"Nimeonekana vipi mtaani? Niambie. Mimi ni mtu wa watu. Ofisini wamenipa cheti."

"Mbwa hawasemi."

"Hao wanasema kuliko redio."

Akamshika kifundo cha mkono, mkono ule wa kukandia, akaupinda polepole kama mtu anayefunga bomba linalovuja, mpaka kitu ndani kikasema kwak. Chumba cha pili redio ya Sisimizi ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira. Sisimizi alikuwa amelala. Alikuwa mtoto wa kulala mapema, na usingizi wake ulikuwa mzito kama jiwe. Hilo ndilo lililokuwa jambo pekee ambalo Mwokaji alimshukuru Mungu kwalo bila kusitasita. Mtoto hajui. Ya chumbani yanabaki chumbani, na mtoto amelala.

Asubuhi mkono ulikuwa umevimba kama donge lililotiwa hamira. Msoma Mita, mpole, alimfunga bendeji mwenyewe.

"Lakini biskuti zitaokwa," alisema. "Nikiingia mitaani mikono mitupu leo, watasema kweli kuna jambo. Sisimizi atakanda. Wewe msimamie."

Mwokaji alifungua mdomo kusema donge moja, mkono mmoja. Kisha akaufunga, kwa sababu alikuwa amepata wazo, na wazo lilikuwa jepesi mpaka likamtia kizunguzungu. Sisimizi alikuwa anaogopa nini? Hesabu za sehemu. Mjusi wa bafuni. Mwalimu mmoja mwenye meno ya dhahabu. Mbwa wakila hofu hiyo, wataogopa mijusi. Mtaa utacheka siku mbili, kesi itakwisha. Mtoto ni maji safi. Atasafisha mfereji wote.

"Nawa mikono," alimwambia bintiye. "Mpaka kwenye viwiko."

Sisimizi akakanda. Alikanda vizuri, bila haraka, akitumia kisigino cha kiganja kama mtu aliyekuwa akichungulia siku nyingi. Kila baada ya muda aliinua kichwa akamtazama mama yake, kisha akarudi kwenye donge.

"Unaangalia nini?"

"Hakuna, mama."

Biskuti zikatoka nzuri, zinavunjika kwa mlio. Msoma Mita akazigawa.

Na mbwa wakaacha kumwogopa. Alipita getini wakamtazama kama wanavyotazama nguzo. Fundi akaweka mkasi polepole, Bosi akapiga miayo. Mwalimu mstaafu akaweka kikombe kwa upole, Waziri akaendelea kujikuna. Siku nzima Mwokaji alitembea ndani ya nyumba akiwa na mkono wake uliofungwa kifuani, akihisi kitu alichokuwa amekisahau kikimpanda kutoka miguuni. Alifikiri ni furaha. Akachungulia bafuni, akamwona mjusi, akamwambia, "Jiandae."

Jua lilipokuwa linainama akasikia kucha kwenye sementi ya baraza. Akafungua. Bosi alikuwa amesimama, na nyuma yake Waziri, na nyuma ya Waziri mbwa wengine wa mtaa, wakubwa kwa wadogo, hakuna aliyebweka. Bosi akasogea, akainua miguu ya mbele, akaiweka mabegani mwa Mwokaji, akaleta pua yake yenye unyevu mbele ya mdomo wake. Akangoja. Mwokaji alikuwa amebana pumzi. Bosi akaanza kulia chinichini. Mwokaji akashindwa, akapumua, na pumzi ilipomgusa Bosi puani, mbwa alishuka, akaenda kando, akalala. Akaja Waziri. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akileta pua, akingoja pumzi, akienda kulala. Wale wafupi aliwainamia.

Asubuhi walikuwa bado pale, wakarudia.

Alipokwenda sokoni walimfuata. Alipoingia nyuma ya kibanda cha muuza unga asionekane, waliomboleza mpaka alipotoka. Alipojilaza mchana, pua zilijaa kwenye wavu wa dirisha. Hawakuogopa funguo, hawakuogopa mkono ulioinuliwa, hawakuogopa mtu yeyote aliyekuwa hai. Waliogopa jambo moja tu, na walikuwa wakilikagua kutwa nzima.

Sisimizi alikuwa anaosha vyombo. Mwokaji alisimama kando yake na kitambaa cha kukaushia, ambacho hakuweza kukitumia kwa mkono mmoja.

"Mjusi wa bafuni, unamwogopa?"

"Nilikuwa namwogopa zamani. Nilipokuwa mdogo."

"Wewe sasa ni mkubwa."

"Kidogo." Sisimizi akasuuza sahani, akaiegemeza. "Mama, huwa hukoromi."

"Sikoromi, ndiyo."

"Ungekuwa unakoroma ingekuwa rahisi. Ningesikia kutoka chumbani. Sasa inabidi nije nikusikilize puani." Akachukua sahani nyingine. "Sijawahi kukuamsha. Naja polepole. Baba pia hajawahi kuamka."

"Na redio?"

"Redio naiwasha ili mdhani nimelala."

Maji yaliendelea kutoka bombani. Mwokaji akalifunga kwa mkono mzima.

Kesho yake, Msoma Mita alipokwenda kazini, Mwokaji alipakia begi moja. Alitia sare ya shule, viatu, nguo zake mbili, akamshika Sisimizi mkono wakatoka kwa mlango wa nyuma. Kwa dada yake palikuwa mbali, na palikuwa na godoro. Hicho ndicho alichokuwa amekiwaza: kwamba palikuwa na godoro.

Mbwa wakaamka wakawafuata.

"Rudini," Mwokaji aliwaambia. Wakatikisa mikia, wakafuata. Alirusha jiwe kando yao. Wakaliangalia jiwe, wakamwangalia yeye, wakasogea karibu zaidi kuhakikisha kwamba kurusha hakukumdhuru. Kila mtaa waliopita uliongeza wa kwake, kwa maana biskuti zilikuwa zimefika mbali. Walipofika stendi ya mabasi mbwa walikuwa wamejaa lami. Nyuma ya mbwa walikuja wenye mbwa, wakiwa na minyororo mitupu mikononi, wakihema.

"Dada, unatuhamishia ulinzi wote huu wapi?" mmoja aliuliza, na watu wakacheka.

Kondakta alisimama mlangoni mwa basi. "Wewe na mtoto mnaingia. Hawa hapana."

"Hawa si wangu."

"Mbona wanakunusa mdomo?"

Akapanda. Mbwa wakalala mbele ya magurudumu. Dereva akapiga honi, wakageuza masikio tu. Mwalimu mstaafu alikuwa ameegemea fimbo yake kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi, akimlilia Waziri wake arudi. Alikuwa mtu mwema. Alitoa simu akampigia Msoma Mita kwa nia njema kabisa. "Mwanangu, mkeo yuko stendi na mbwa wetu. Nadhani hajisikii vizuri. Njoo umchukue."

Msoma Mita alikuja akiwa na fulana ya kazi. Aliwasalimia watu wote, akaomba radhi kwa usumbufu, akalibeba begi mwenyewe. "Wanawake na safari za ghafla," alisema, na dereva akacheka kwa kuwa sasa angeweza kuondoka. Walirudi nyumbani kwa miguu: Msoma Mita mbele na begi, kisha Mwokaji na Sisimizi, kisha mbwa, kisha mtaa. Walioona kutoka madirishani wangeweza kudhani ni harusi.

Fundi cherehani alikuwa getini kwake. Alimshika Mwokaji kiwiko wakati Msoma Mita akifungua kufuli.

"Ungesema mapema," alinong'ona. "Ungeondoka kabla Bosi hajazila biskuti."

"Uliona wapi mtu anatoroka na msafara?"

"Nisamehe, jirani. Ningemfunga." Akatazama chini. "Kama ningejua."

Wote wawili walijua kwamba alijua. Msoma Mita akasema, "Karibuni ndani," akiwaambia mkewe na mtoto wake, na mlango ukafungwa.

Baadaye Mwokaji alikaa ndani siku kadhaa, na mbwa walikaa barazani bila kula. Alipoweza kusimama, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda dirishani kuwapumulia.

Mambo yakapata utaratibu, kama yanavyopata siku zote. Ofisi ya maji ilimsifu tena Msoma Mita, maana sasa aliingia mageti yote bila kukuta mbwa hata mmoja; mbwa walikuwa nyumbani kwake. Aliamuru Sisimizi aendelee kuoka, na Sisimizi aliendelea, kila Jumamosi baada ya hesabu. Wenye mbwa walimwomba Mwokaji atoke barazani mapema asubuhi, na tena kabla ya giza, ili mbwa wamkague, warudi malindoni angalau kwa kitambo. Alitoka. Watu walipanga mstari na mbwa wao kama kwenye chanjo. Walimwambia, "Pole na mkono," walimwambia, "Pole na jicho," walisema bafu hizi za vigae ni hatari. Kisha wakavuta minyororo wakaenda zao.

Kwa hiyo kilichobaki kwa Mwokaji kilikuwa kitu kimoja, na alikwenda kwa fundi cherehani kukitafuta.

"Marehemu mumeo alikuwa anakoroma, sivyo?"

"Kukoroma? Yule alikuwa trekta. Mafundi wa paa walikuja kuuliza."

"Nifundishe."

Fundi hakucheka. Aliacha cherehani, akalala chali sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, akamwonyesha: ulimi urudi nyuma, pumzi ivutwe kwa pua na koo pamoja, isitoke kwa mkupuo, itoke kama inabisha hodi. Mwokaji akalala kando yake kwa ubavu wa kulia, akajaribu. Mara za kwanza alitoa sauti ya mtu anayekabwa, na Bosi akaja mbio. Waliendelea. Wateja wawili walichungulia, wakawakuta wanawake wazima wamelala sakafuni wakikoroma mchana kweupe, wakaacha nguo zao mezani wakaondoka kwa heshima.

"Hapo," fundi alisema mwishoni, machozi yakimtiririka kwenye masikio. "Hapo ni yeye kabisa."

Jumapili, baada ya chakula, nyumba ilipotulia, Mwokaji alijilaza. Kabla ya chakula hakukuwa kwema, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa na joto lake lenyewe. Sisimizi alikuwa ameingia chumbani kwake akafunga mlango, na redio ilikuwa imewashwa. Barazani mbwa walikuwa wamesimama wima. Mwokaji akatazama dari, akarudisha ulimi nyuma, akaanza.

Alikoroma macho yakiwa wazi. Alikoroma kwa mpigo mmoja, mzito, usiokatika, hata pale ambapo ubavu ulimchoma. Barazani akasikia mbwa wa kwanza akijilaza kwa kishindo, kisha wa pili, kisha wengine. Baada ya kitambo, chumba cha pili, redio ikazimwa, na kitanda kikalia chini ya mtoto aliyejigeuza kutafuta usingizi.

Msoma Mita alichungulia mlangoni.

"Siku hizi unakoroma," alisema.

Mwokaji hakujibu, kwa kuwa alikuwa amelala.

"Punguza sauti. Nataka kupumzika."

Akapunguza, lakini si sana. Alibakiza ya kufika chumba cha pili.